Jina Alilonipa Mwalimu Nyaga

Wazee wenye mvi wakikaa chini ya hema na kuanza kuisifu fimbo iliyowachapa, mimi mate hunijaa mdomoni, na si mate ya njaa. Ndivyo ilivyokuwa kule Manyatta, nyumbani kwa Njiru, siku tuliyomfanyia sherehe Mwalimu Nyaga. Mahema meupe, viti vya plastiki vimefungwa vitambaa vya bluu mgongoni kama wagonjwa, na spika zinanguruma hadi kuku wa jirani wakahamia kwenye shamba la kahawa. Watu wazima, wengine wamestaafu, wengine wana wajukuu chuo kikuu, wanasimama mmoja mmoja kushika maikrofoni. "Mwalimu alinichapa nikalala kifudifudi wiki nzima, na ndiyo maana leo mnaniona ni mtu." Makofi. Anasimama mwingine: "Mimi alinichapa rula ikavunjika, akanituma stafurumu nikalete nyingine, na nikaenda mbio!" Makofi na vigelegele. Nilikuwa nimesimama kando ya jiko la mkaa nikipindua mutura, ule utumbo tunaoujaza nyama na damu na pilipili, nikajiambia, Mwirigi, hawa watu wamerogwa. Hata ng'ombe hamsahau mchungaji aliyemchapa, lakini sijaona ng'ombe akimkodishia hema.

Wacha nieleze nilivyofika pale, maana mimi si mtu wa mikutano ya wasomi. Sekondari nilikaa mwaka mmoja tu, na mwaka wenyewe sikuumaliza. Kwangu ni Mitunguu, chini kule kwenye ndizi na mifereji ya maji, na nina bucha yangu iliyonisomeshea watoto. Siku moja simu ikalia, sauti nene ikasema, "Matumbo! Kumbe uko hai!" Alikuwa Njiru. Huyu Njiru tulikaa dawati moja, akasoma akawa mkubwa fulani wa mambo ya elimu, akastaafu na kitambi. Akaniambia wameanza kikundi cha wasapu cha waliosoma na Mwalimu Nyaga, wanataka kumpa mzee shukrani kabla hajaondoka duniani, na wamekubaliana kwa kauli moja kwamba shughuli za nyama ni zangu. "Nani mwingine anaweza? Wewe ni Matumbo bwana!" Akacheka. Nilitaka kumkatia simu. Sikumkatia. Nilimwambia nitakuja, na sababu ya kusema hivyo haikuwa Njiru wala Nyaga. Ilikuwa mjukuu wangu.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume wa mwanao huchukua jina lako. Watu wa mjini hudhani hiyo ni heshima ya mdomo tu, kama kumpisha mzee kiti. Si hivyo. Ni kwamba siku ukifa hujafa wote. Kuna mahali umebaki unatembea na kamasi puani. Mimi niliitwa Mwirigi kwa ajili ya babu yangu, ambaye sikumwona, lakini nyanya yangu alikuwa akinikasirikia anafunga mdomo kwanza, kwa sababu huwezi kutukana jina la mume wako. Sasa huyu mjukuu wangu ni Mwirigi pia, yuko nasari, meno ya mbele yameng'oka. Jioni moja mke wa mwanangu, Kendi, alikuwa ananimiminia chai akasema huku ameangalia birika, "Baba, usikasirike. Huko shule wanamwita Matumbo." Nikauliza nani. "Wote. Watoto wanasikia nyumbani wakitumwa, nenda kwa Matumbo ulete nyama, nao wanajua wewe ndiye guka wake. Hata ticha." Nikauliza, "Na yeye husemaje?" Kendi akaweka birika chini. "Anaitika, Baba. Juzi nilimwita Mwirigi mara nyingi, hakugeuka. Nikasema tu Matumbo, akaja mbio."

Chai ile sikuimaliza.  Wengine watasema, jina ni jina, mzee amekosa la kufanya. Hao hawajui nilivyolipata, na hawajui kilichonitoa shule. Nilikuwa nimekubali kufa nalo, kwa sababu mtu akishawauzia watu nyama kwa jina fulani miaka mingi, jina linakuwa kama kibao cha duka. Lakini sikuwa nimekubali limpate mtoto. Na nilijua kitu kimoja tangu utoto wangu: fundo hufunguliwa na aliyelifunga. Kwa hiyo nikanoa visu.

Mwaka ule wa sekondari nilikuwa nakaa Runyenjes kwa mama mdogo, aliyeolewa na mzee mmoja mwenye bucha, Ndwiga. Kitanda changu kilikuwa nyuma ya bucha, kwenye chumba cha magunia ya chumvi. Ngozi za ng'ombe zilikuwa zimekunjwa pembeni zikingoja mnunuzi, na ukilala upande wa kushoto ulisikia chumvi ukutani, ukilala wa kulia ulisikia ngozi puani. Kulikuwa na ukuta mmoja tu wa mbao kati yangu na chumba cha supu, kile ambacho mabucha yote huwa nacho kwa wateja wasiotaka kuonekana wakila. Kupitia mbao zile nilisoma mengi kuliko shuleni. Nilisikia nani amemkimbia mke, nani anataka udiwani, na nani kati ya wazee wa kanisa alikuwa anakunywa supu Ijumaa aliyoitangaza ya kufunga. Nilikula vizuri pale, siwezi kusema uongo. Mama mdogo alikuwa ananiwekea ugali na mboga za terere na kipande cha kitu fulani kutoka buchani, na anakaa kuniangalia hadi nimalize, kana kwamba nitatoroka na sahani.

Kazi yangu, kabla ya shule, ilikuwa kuosha matumbo. Nieleze vizuri, kwa sababu siku hizi watu wanayanunua meupe kama taulo mpya na hawajui yametoka wapi. Ng'ombe akipasuliwa, tumbo ni kubwa kama gunia la mahindi, na ndani limejaa majani ya kijani yaliyochacha. Unalimwaga shimoni. Mvuke unakupanda usoni. Kisha unabeba mpaka mtoni, unalipindua kama sweta, unasugua, unasuuza, unapindua tena. Kuna sehemu yenye mikunjo kama kurasa za Biblia, na kila ukurasa lazima uufungue kwa kidole, usipofungua uchafu utabaki na mteja atausaga kwa jino. Halafu maji moto, na kukwangua kwa kisu butu mpaka ile ngozi nyeusi itoke. Watu hudhani mtu wa bucha hana kinyaa. Mimi nina kinyaa sana. Ila mavi ya ng'ombe ni majani tu yaliyosafiri. Ukinawa yanatoka. Harufu ilibaki kidogo kwenye kucha, ndiyo, na nilikuwa nasugua kwa jivu na majani ya ndimu hadi vidole vinauma. Lakini sikuona aibu. Mzee Ndwiga alinifundisha ile kazi, naye alikuwa akisema kwamba nyama yoyote mtu anaweza kukuuzia, lakini matumbo unanunua kwa mtu unayemwamini.

Shule ilikuwa juu ya barabara, kwenye mashamba ya chai. Ya kutwa, madarasa ya mbao, vumbi sakafuni ambalo tulimwagilia maji kila asubuhi ili viroboto watulie. Mchana tulipewa githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mpishi alikuwa anaichota kwa karai, na wadudu wa maharagwe walikuwa wanaelea juu weusi, tukiwapuliza kando kama mtu anavyopuliza povu la maziwa. Hiyo nayo nimesikia pale hemani ikisifiwa! Mwanamke mmoja wa rika langu, amevaa kilemba cha bei, alisema kwa machozi, "Ile githeri, jamani! Ndiyo ilitufanya imara!" Mama, ile githeri ilikuwa na funza. Sema tulikula funza kwa sababu tulikuwa na njaa, tukuheshimu.

Fomu wani yetu ilikuwa na mwalimu wa darasa anaitwa Madam Karimi. Hakuwa amesomea ualimu. Alikuwa msichana tu aliyemaliza shule, wakamchukua kufundisha kilimo wakati wakingoja mwalimu wa kweli. Alikuwa mwembamba, sweta la kijani limeliwa kwenye viwiko, na ana kikohozi. Sijui kama alijua kufundisha. Mimi ya kilimo chake nimesahau yote. Lakini asubuhi alikuwa akifungua rejista na kuita majina polepole, jina zima, na akishaita anainua macho kukutafuta, na hashuki kwenye jina la pili mpaka amekuona. "Elias Mwirigi." "Prezenti, Madam." Alikuwa ananiangalia kidogo, kama mtu aliyehesabu kuku wake akakuta huyu pia yuko. Nilikuwa nimetoka mtoni nimejaa baridi, sijala, na nilikuwa nikijisikia nimefika. Ndiyo tu. Hakunipa kingine chochote, na sijaona zawadi kubwa kuliko ile.

Mwalimu Nyaga alikuwa wa Kiingereza. Sasa huyu alikuwa mwalimu! Tai nyekundu, viatu vinavyolia, nywele zimegawanywa kwa mstari kama shamba la mtu aliyegombana na ndugu yake. Alikuwa mcheshi kweli, hilo sitamnyima. Akiingia darasani tulianza kucheka kabla hajasema. Ila mzaha wake ulikuwa kama moto wa jikoni, lazima uwe na kuni, na kuni ni mmoja wetu. Msichana mwenye meno marefu alikuwa Sungura. Njiru alikuwa Gunia, kwa sababu kaptula yake ilishonwa kwa kitambaa kigumu. Wengine wote tulicheka tukishukuru Mungu kuni si sisi.

Jumamosi moja nilikuwa chumbani kwangu kwenye magunia ya chumvi, nikasikia viatu vinavyolia upande wa pili wa mbao. Nikajua ni yeye. Akamwambia Mzee Ndwiga kwa sauti ya chini, "Niletee yale yangu, na ufunge mlango." Yale yake yalikuwa matumbo. Nilichungulia kwenye ufa. Mwalimu wa Kiingereza amevua tai, ameiweka begani kama kitambaa cha mtoto, anakula matumbo kwa ugali, supu inamtiririka kwenye mkono mpaka kiwiko naye anailamba. Alikula akaomba tena. Wakati ule matumbo yalikuwa chakula cha watu wa kusukuma mikokoteni, na shuleni alikuwa anawaambia walimu wenzake kwamba yeye bila steki halali. Alipomaliza akajipangusa, akasema, "Ndwiga, nimekula matumbo hata Meru mjini, haya yako hayana mwenzake. Hayana hata chembe ya mchanga. Nani anakuoshea?" Mzee Ndwiga alikuwa mtu wa fahari. Akafungua mlango wangu, akanivuta kwa shingo. "Huyu hapa, Mwalimu! Kijana wa dada ya mke wangu. Yuko kwako fomu wani!" Mimi nikatabasamu kama mjinga. Nilidhani nimesifiwa. Mwalimu Nyaga aliniangalia, akafyonza jino, akavaa tai yake.

Jumatatu aliingia darasani, akasimama dirishani, akanusa hewa. Akanusa tena, akapita kati ya madawati pua ikiwa mbele kama mbwa wa polisi. Darasa limeshaanza kucheka. Akasimama juu yangu. "Kumbe shuleni kwetu kuna bucha!" Akaniambia ninyooshe mikono. Akainama akanusa vidole vyangu, akarudi nyuma ameshika pua, akayumba, akajifanya kuzirai kwenye meza. Njiru alicheka akaanguka. "Kuanzia leo," akasema Mwalimu Nyaga, "huyu tunamwita Matumbo." Mikono ile ile! Mikono aliyoisifu juzi akiwa amelamba kiwiko chake. Mpaka leo nikiikumbuka pua yake vidoleni mwangu nahisi kama kuna kitu kimenitambaa. Nimefikiria sana kwa nini alifanya vile, na nadhani aliogopa. Mtoto amemwona bila tai. Akaona afadhali aanze yeye kucheka, ili siku nikisema nimemwona Mwalimu akila matumbo, iwe ni Matumbo amesema, na nani atamsikiliza Matumbo.

Nilikataa kuitika. Hapo ndipo nilipoamua kuweka mguu chini. Akisema, "Matumbo, soma ukurasa," nilikaa kimya nimeangalia ubao. Nilichapwa. "Matumbo, simama." Kimya. Nilichapwa tena, nje, mbele ya gwaride, nikashikwa miguu na mikono. Wenzangu wakanibembeleza, wakasema, "Si uitike tu, ni mchezo." Hata mama mdogo alipoona alama akasema nimwambie samahani. Mzee Ndwiga naye aliendelea kumwuzia Nyaga supu na mlango umefungwa. Lakini asubuhi Madam Karimi alifungua rejista. "Elias Mwirigi." Akainua macho. "Prezenti, Madam." Na kwa sababu ya hiyo dakika moja niliweza kuvumilia siku yote. Mara moja nilimsikia, nikipita dirisha la stafurumu, akimwambia Nyaga, "Mwalimu, yule mtoto ana jina." Nyaga akamjibu, "Karimi, wewe bado mdogo. Mtoto asipotaniwa hawi mwanaume." Walimu wengine wakacheka, na yeye akakohoa.

Muhula wa mwisho akaja mwalimu wa kilimo wa kweli, mwenye cheti. Madam Karimi aliaga darasa akiwa amebeba mfuko wake wa kiondo, akasema tusome kwa bidii, akaondoka kwa miguu kwenye chai. Sikumwona tena. Rejista ikapewa Mwalimu Nyaga.

Siku ya kwanza aliita majina yote vizuri mpaka akafika kwangu. Akatua. Akasema, "Matumbo." Nikanyamaza. "Hayupo," akasema, akaandika. Kesho yake, hivyo hivyo. Nikiwa nimekaa pale, goti langu linagusa la Njiru, sipo. Asiyekuwepo akapelekwa kupiga magoti kwenye kokoto kwa sababu ya kutokuwepo, hebu fikiria! Kisha akasema nikiendelea kukosa, jina litafutwa. Nilikaza kwa muda. Halafu asubuhi moja ya mvua, nimetoka mtoni, nimelowa, tumbo tupu, akaita, "Matumbo," na nikasikia mdomo wangu umesema, "Prezenti, Sa." Sijui ulitoka wapi. Darasa zima lilipiga makofi. Wengine walipanda juu ya madawati. Mwalimu Nyaga alitabasamu kama mtu amevua samaki, akasema, "Sasa umekuwa mwanafunzi wangu." Wakati wa mapumziko niliondoka nikapita kwenye chai kama alivyopita Madam Karimi, na sikurudi shule hiyo wala nyingine.

Sasa turudi hemani. Njiru alishika maikrofoni, akasimulia kisa hicho hicho. Chote! Alivyonusa, alivyozirai, nilivyokataa, nilivyoitika. "Na siku alipoitika, jamani, tulishangilia kama tumeshinda mpira!" Watu walilia kwa kicheko wakinionyesha kidole pale kwenye jiko. Yule mama wa kilemba alikuwa Sungura mwenyewe, na alicheka kuliko wote huku ameziba meno kwa mkono, na sidhani alijua ameyaziba. Nilipopita na sinia nikamwuliza Njiru, "Na Madam Karimi hamkumwita?" Akakunja uso. "Karimi gani?" Nikasema, wa kilimo, wa sweta la kijani. Akawauliza wenzake mezani. Hakuna aliyemjua. Mmoja akasema labda ninachanganya na shule nyingine. Shule nyingine ipi, na mimi sina nyingine?

Mwalimu Nyaga alikuwa amekaa kwenye kochi walilolitoa sebuleni, amefunikwa shuka ya Kimaasai, amezeeka, kichwa kidogo kama cha ndege. Nilimpelekea bakuli la matumbo kwa mikono yangu. Safari hii aliyala mbele ya watu. Siku hizi matumbo yana heshima, hata hotelini yapo. Akatafuna kwa fizi, macho yakafumba, mchuzi ukamtiririka kidevuni. Akasema kwa sauti nyembamba, "Haya ni safi sana. Hayana mchanga. Nani ameyaosha?"

Hema lilipasuka. "Ni Matumbo, Mwalimu! Ni Matumbo!" Hapo nikaona ndiyo nafasi. Nikachuchumaa mbele ya kochi nikamwambia, "Mwalimu, unakumbuka jina langu?" Akaniangalia kwa upole, akatafuta, akatafuta, na nikaona hakuna kitu kule ndani. "Si wamelitaja hapa," akasema. Nikasema, "Hilo si langu. Ni wewe ulinipa. Sikuja kugombana. Nina mjukuu, ana jina langu kwa desturi, na sasa hili lako limemshika. Nataka uniite Mwirigi, mbele ya hawa, mara moja tu, liishe."  Njiru akasema, "Ee Matumbo, usilete mambo mazito, leo ni furaha." Mzee akaniwekea mkono kichwani. Ulikuwa na mafuta. "Kijana," akasema, "mimi sikumpa jina mtu nisiyempenda. Mpe na huyo mtoto. Nimembariki." Na watu wakapiga makofi, jamani. Walipiga makofi, mwingine akasema amina, na simu zote zikainuliwa kutupiga picha, mimi nimechuchumaa na ule mkono wa supu kichwani.

Nimepasua ng'ombe aliyekufa kwa kuvimba. Nimefukua shimo la taka lililoziba wakati wa mvua. Sijawahi kusikia kichefuchefu kama kile. Niliutoa ule mkono, nikauweka juu ya shuka yake polepole, kwa sababu ni mzee. Nikakusanya visu vyangu. Mutura niliwaachia ikiungua. Njiru alinifuata hadi kwenye geti akiniuliza nimekasirika nini, na siku ile ile walinipigia makofi tena kwenye wasapu, kwa ile picha.

Kesho yake asubuhi sikufungua bucha. Nilienda nasari. Ticha ni msichana mdogo, ana rejista yake, akaniambia, "Karibu, guka wa Matum—" akajishika mdomo. Nikamwambia, "Mwanangu, sikugombezi. Fungua hiyo, uite, mimi nasimama hapa mlangoni." Akaita wale wadogo mmoja mmoja. Akafika. "Mwirigi." Mjukuu wangu alikuwa anachonga penseli. "Mwirigi," akaita tena. Anapuliza unga wa penseli. Nikaona kalamu ya ticha imeanza kushuka kuandika, na huko mwilini nikasikia kokoto kwenye magoti. Nikasema kwa sauti kubwa, "Prezenti!" Watoto wakacheka wakaanguka. Mjukuu wangu alipogeuka na kuniona, uso ulimwiva kwa aibu.

Nilirudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Wateja wakalalamika nafungua nikiwa nimechelewa. Wengine wakaenda kwa jirani, ambaye matumbo yake yana mchanga, watajua wenyewe. Kila asubuhi ticha anaita, mtoto anainama, naitika mimi. Kendi alinisihi niache, akasema mtoto anachekwa zaidi. Nikamwambia asubiri.

Leo nilifika nikasimama mahali pangu, kofia mkononi. Ticha akafungua rejista. "Mwirigi," akasema, na akainua macho kumtafuta. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Yule mtoto akaruka kutoka kwenye kiti kana kwamba ameumwa na siafu, akapiga kelele kabla sijafungua mdomo:

"Prezenti, ticha! Na umwambie guka aende akauze nyama!"